Mlima Hujulikana Bondeni: Somo la Milima Kutoka Ruhwa



Sifa zote njema zinamstahiki Allah (s.w.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), pamoja na ahli zake na maswahaba zake.

Ndugu msomaji, somo letu katika toleo hili linahusu milima: ni nini, imetokeaje, inawafaa nini watu, na sisi tuna wajibu gani juu yake. Pengine ungetarajia somo kama hili lianzie kileleni, Kilimanjaro au Karisimbi. Sisi tutaanzia chini, tena chini kabisa, yaani Ruhwa, katika eneo la Bugarama, wilaya ya Rusizi, sehemu ambayo wengi bado wanaiita Cyangugu. Hapo mto Ruhwa unatenganisha Rwanda na Burundi, kisha unaingia katika mto Rusizi mahali zinapokutana nchi tatu: Rwanda, Burundi na Kongo. Kando ya Rusizi katika eneo hilo ndiyo sehemu ya chini kuliko zote nchini Rwanda, karibu mita 950 juu ya usawa wa bahari.

Kwa nini tuanzie huko? Kwa sababu faida ya mlima na madhara yake, vyote huteremka. Aliye juu huona mandhari. Aliye bondeni hupata maji, udongo na umeme, na siku nyingine hupata tope na mawe. Hoja ya somo hili ni moja tu: mlima si wa anayekaa juu yake peke yake. Aliye chini ni mshirika wake, na ushirika huo una haki na mipaka ambayo dini yetu imeizungumzia waziwazi.

1. Mlima ni nini?

Rwanda inajulikana duniani kama nchi ya milima elfu. Lakini mwanafunzi wa jiografia atauliza: je, yote hiyo ni milima, au mingine ni vilima? Ukweli ni kwamba hakuna kipimo kimoja kinachokubaliwa na wote. Vitabu vingine hutaja mita 300 juu ya ardhi inayozunguka, vingine mita 600. Jambo linalokubaliwa na wengi ni kwamba mlima ni sehemu ya ardhi iliyoinuka sana kuliko majirani zake, yenye miteremko mikali na kilele kinachoonekana.

Zingatia neno hilo, majirani. Urefu wa mlima una maana mbili. Kuna urefu kutoka usawa wa bahari, na kuna urefu kutoka ardhi iliyo jirani nao. Mtu wa Bugarama akitazama mashariki anaona safu ya milima inayogawa maji ya Kongo na Nile, ambako mlima Bigugu, ndani ya msitu wa Nyungwe, unafikia karibu mita 2,950. Kutoka kando ya Rusizi hadi kilele cha Bigugu ni tofauti ya mita 2,000 hivi. Kwa hiyo mlima hauwezi hata kuelezwa bila kutaja bonde lake.

Qur'ani nayo inatuita tuangalie. Katika Surat Al-Ghaashiya (88:17-20) wanadamu wanahimizwa kumtazama ngamia alivyoumbwa, mbingu ilivyoinuliwa, milima ilivyosimamishwa na ardhi ilivyotandazwa. Angalia mpangilio huo: milima imetajwa, na papo hapo ikafuatiwa na ardhi tambarare. Na katika Surat Faatir (35:27) tunaelekezwa kwenye mistari ya rangi iliyomo milimani, myeupe, myekundu na meusi sana. Kutazama miamba kwa makini, basi, hakuanzii darasani. Ni jambo ambalo Mola wetu ametuitia.

2. Milima imetokeaje?

Wanajiografia hugawa milima katika makundi kadhaa kwa kuangalia namna ilivyotokea. Hapa tutataja matatu.

Kundi la kwanza ni milima ya kukunjamana. Mabamba makubwa ya ganda la dunia yanaposukumana, miamba iliyo kati yake hujikunja na kupanda juu. Himalaya na Alps ni ya aina hii.

Kundi la pili ni milima ya volkano, inayojengwa na majivu na lava kutoka chini ya ardhi. Kilimanjaro (mita 5,895) na Mlima Kenya (mita 5,199) zilitokea hivyo. Kaskazini ya Rwanda ipo safu ya Virunga yenye volkano kubwa nane, na Karisimbi yenye mita 4,507 ndiyo ndefu kuliko zote. Mbili kati yake, Nyiragongo na Nyamulagira upande wa Kongo, bado ziko hai. Nyiragongo ililipuka mwaka 1977, 2002 na 2021.

Kundi la tatu ni milima ya nyufa. Ganda la dunia linapovutwa pande mbili, hupasuka. Kipande kimoja huzama na kuwa bonde, na kingo zake huinuka. Hivi ndivyo lilivyotokea Bonde la Ufa, na ndivyo zilivyoinuka kingo zake, ikiwemo safu ya Kongo na Nile. Milima ya Rwenzori, yenye kilele cha mita 5,109, ni kipande cha mwamba mkongwe kilichosukumwa juu kati ya nyufa. Tambarare ya Bugarama ni upande wa pili wa habari hiyo hiyo: ni sakafu iliyozama wakati ukuta wa mashariki ulipokuwa unapanda. Mlima na bonde ni pacha, wamezaliwa siku moja.

Hapa hapa tuseme jambo moja kwa uangalifu. Surat An-Nabaa (78:6-7) inataja ardhi kuwa tandiko na milima kuwa vigingi, na aya nyingine zinataja milima kuwa imewekwa ili ardhi isiwayumbishe watu. Katika mihadhara yetu ya chuo, ndugu wengine huharakisha kusema kwamba sayansi imethibitisha kuwa milima huzuia matetemeko. Ni kweli kwamba mwaka 1855 mwanasayansi Mwingereza George Airy alieleza kuwa milima mikubwa ina mizizi mirefu iliyozama chini ya ardhi, na maelezo hayo yanakubalika kwa milima kama Himalaya. Lakini si kila mlima umesimama kwa namna hiyo, na penye milima si lazima pakose matetemeko. Tarehe 3 Februari 2008 tetemeko lenye ukubwa wa karibu 6 lilipiga Rusizi, Nyamasheke na Bukavu, likabomoa nyumba na kuua makumi ya watu, na hapo ni katikati ya milima. Nyufa zilizoinua milima hiyo ndizo hizo hizo zinazotikisika.

Je, aya ina kasoro? Hasha! Aya ni haki. Chenye uwezekano wa kukosea ni maelezo yetu tunapoyafunga kwa haraka na nadharia moja, kisha tukayauza kana kwamba ndiyo maana pekee ya maneno ya Allah. Siku maelezo yakibomoka, msikilizaji dhaifu hudhani ni Qur'ani iliyobomoka. Mwanafunzi Mwislamu hana haja ya kuongeza chumvi. Aseme analolijua, na asilolijua amwachie Mwenye kujua.

3. Mlima na maji

Sasa tuingie katika kiini cha somo. Katika Surat Al-Mursalaat (77:27) milima mirefu iliyothibiti imetajwa pamoja na maji matamu ya kunywa, katika aya moja. Katika Surat An-Nahl (16:15) milima imetajwa pamoja na mito na njia. Mtu anayesoma aya hizi akiwa bondeni haihitaji tafsiri ndefu, kwa kuwa maana yake inapita mbele ya mlango wake.

Inakuwaje mlima ulete maji? Hewa yenye unyevu inapokutana na mlima hulazimika kupanda. Ikipanda hupoa, kwa wastani wa nyuzi 6 hadi 7 za selsiasi kwa kila mita 1,000. Hewa iliyopoa haiwezi kubeba mvuke mwingi, hivyo mvuke hugeuka mawingu, na mawingu huwa mvua. Nyungwe hupata zaidi ya milimita 1,800 za mvua kwa mwaka. Mvua hiyo haikimbilii bondeni yote kwa siku moja. Majani huipunguza kasi, mboji huifyonza kama sifongo, mizizi huipitisha chini, kisha chemchemi huitoa kidogo kidogo hata wakati wa kiangazi. Kwa maneno mengine, mlima wenye msitu ni ghala. Hupokea kwa wingi na hutoa kwa kipimo.

Kutoka mgongo wa safu ile, maji huchagua njia mbili. Yanayoanguka mashariki huingia Rukarara, kisha Mwogo, Nyabarongo na Akagera, hadi Ziwa Victoria, na mwisho wake ni Misri. Ndiyo maana Nyungwe hutajwa kuwa na mojawapo ya vyanzo vya mbali kabisa vya Nile. Yanayoanguka magharibi hushuka kwa mito kama Rubyiro na Ruhwa hadi Rusizi, Ziwa Tanganyika, mto Lukuga, mto Kongo, hatimaye Bahari ya Atlantiki. Matone mawili ya mvua moja, yaliyoanguka hatua chache kutoka kwa jenzake, yanaweza kuishia katika bahari mbili tofauti.

Hata mto Rusizi wenyewe ni zawadi ya milima, tena ya milima iliyo mbali. Zamani maji ya bonde la Kivu yalikuwa yakielekea kaskazini, upande wa Nile. Volkano za Virunga zilipojijenga zikaziba njia ile. Maji yakajaa, ziwa likapanda, na maelfu ya miaka iliyopita likapata tundu la kutokea upande wa kusini. Tundu hilo ndilo Rusizi. Leo mto huo unatoka Kivu kwenye mita 1,460 hivi na kuingia Tanganyika kwenye mita 770 hivi, safari ya kilomita 117 tu. Mteremko huo mkali ndio unaozungusha mitambo ya umeme. Kituo cha Rusizi ya kwanza kilianza mwishoni mwa miaka ya 1950, na cha Rusizi ya pili, kinachomilikiwa kwa pamoja na Rwanda, Burundi na Kongo, kilianza mwaka 1989. Taa inayowaka katika bweni la Bukavu au Bujumbura inaweza kuwa inawashwa na kazi ya zamani ya volkano za Virunga.

Msidhani jambo hili ni la Rwanda pekee. Dar es Salaam inakunywa maji ya mto Ruvu, unaotoka milima ya Uluguru. Mabwawa ya umeme ya mto Tana nchini Kenya yanategemea Mlima Kenya na milima ya Aberdare. Wachaga wa Kilimanjaro walichimba mifereji ya kushusha maji mashambani kabla ya kuja wakoloni.

4. Ngazi ya maisha

Faida nyingine ya mlima ni kwamba hukusanya hali za hewa nyingi mahali padogo. Tupige hesabu. Kutoka Bugarama hadi kilele cha Bigugu ni mita 2,000. Kwa nyuzi 6 au 7 kwa kila mita 1,000, tofauti ya joto ni nyuzi 12 hadi 14. Mtu wa Bugarama analala bila blanketi, na ndugu yake aliye kando ya Nyungwe anaota moto, na wote wako katika mkoa mmoja.

Tofauti hii ndiyo inayopanga mashamba kama ngazi. Chini kabisa, kwenye tambarare yenye joto, kuna majaruba ya mpunga ya Bugarama. Ukipanda kidogo unakuta migomba na mihogo. Ukiendelea unakuta kahawa kwenye miteremko inayoelekea Kivu, kisha chai ya Shagasha na Gisakura, na juu yake msitu. Kila ngazi inauza kwa nyingine. Mlima ukiwa mzima, soko huwa na kila kitu. Surat An-Naazi'aat (79:32-33) inataja kuthibitishwa kwa milima na papo hapo ikataja manufaa kwa watu na wanyama wao, na hili ndilo tunaloliona kwa macho.

Mlima una hazina ndani yake pia. Katika eneo la Bugarama kuna chemchemi za maji moto, amashyuza kwa Kinyarwanda. Maji hayo hupanda kupitia nyufa za miamba yakiwa yamebeba chokaa iliyoyeyuka, na yakifika juu huiacha. Eneo hilo lina mawe ya chokaa, na ndiyo sababu kiwanda cha saruji cha CIMERWA kilijengwa huko miaka ya 1980. Nyumba nyingi za Kigali zina kipande cha Bugarama ndani ya kuta zake.

Tusisahau nafasi ya mlima katika imani. Wahyi wa kwanza ulishuka katika pango la Hira, juu ya mlima. Mtume (s.a.w.) na Abubakar (r.a.) walijificha katika pango la Thawr. Musa (a.s.) alisemezwa kwenye Mlima Tur. Na kuhusu Uhud, mlima ambao Waislamu walipata msiba chini yake, Mtume (s.a.w.) alieleza kuwa ni mlima unaotupenda nasi tunaupenda. Hakuulaumu mlima kwa yaliyotokea, bali aliutaja kwa mapenzi.

5. Mlima ukijeruhiwa

Kila ghala likibomolewa, kilichomo humwagika. Mteremko unapofyekwa na kulimwa bila kinga, mvua hugonga udongo mtupu. Hakuna jani la kuipunguza kasi wala mzizi wa kuipitisha chini. Sehemu moja ya maji hutiririka juu na kubeba udongo wenye rutuba. Sehemu nyingine huingia ardhini kwa wingi, udongo unakuwa mzito na kulainika, nguvu ya kushikana inaisha, na kipande kizima cha mlima kinateleza.

Mifano iko mikononi mwetu. Msitu wa Gishwati, kaskazini magharibi mwa Rwanda, ulikuwa na zaidi ya hekta 20,000 miaka ya 1970. Ufugaji, kilimo na makazi ya watu waliorudi baada ya 1994 waliokosa pa kukaa viliula hadi zikabaki hekta mia chache mwanzoni mwa miaka ya 2000. Baadaye serikali ilianza kuurudisha, na sasa ni sehemu ya hifadhi ya Gishwati-Mukura. Lakini jeraha la mlima halifungi upesi. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 mvua kubwa ilileta mafuriko na maporomoko ya ardhi magharibi na kaskazini mwa nchi, na zaidi ya watu 130 wakafariki. Mto Sebeya, unaotoka upande wa Gishwati, uliingia majumbani kwa watu wa Rubavu, chini kabisa kando ya Ziwa Kivu. Mwezi Desemba mwaka huo huo, nchini Tanzania, tope na mawe kutoka Mlima Hanang' vilishuka hadi mji wa Katesh na kuua zaidi ya watu 80. Allah awarehemu wote.

Tusiseme kwamba kila poromoko limeletwa na jembe la mtu. Mvua kubwa na miamba dhaifu ni sababu pia, na tetemeko la 2008 halikuletwa na mkulima. Lakini tukiwa wakweli, tutakiri kuwa mikono ya watu huongeza ukubwa wa msiba, na anayeumia mara nyingi siye aliyekata mti. Mkulima wa mpunga anayeamka na kukuta mfereji wake umejaa mchanga hajui hata jina la mtu aliyelima kule juu. Wala mpaka haumsaidii. Maji ya Ruhwa hayaonyeshi kitambulisho kwa afisa wa uhamiaji. Udongo ulioachiwa upande mmoja wa mto unaziba shamba la upande wa pili.

6. Haki ya aliye chini

Je, dini yetu ina neno katika hili? Inalo, tena la kisheria.

Katika Sahih Bukhari imepokewa habari ya Zubayr bin Al-Awwaam (r.a.) na mtu mmoja wa Answari waliogombea mfereji wa maji ya Harra, ile ardhi ya mawe meusi ya volkano iliyo karibu na Madina. Shamba la Zubayr lilikuwa juu. Mtume (s.a.w.) alimwelekeza kwanza amwagilie shamba lake, kisha ayaachie maji yamfikie jirani yake. Yule mtu alipokasirika na kudai kuwa kuna upendeleo, Mtume (s.a.w.) alimpa Zubayr haki yake kamili, ya kuyazuia maji mpaka yafike mwisho wa kingo za shamba. Katika riwaya nyingine, kuhusu bonde la Mahzuur, kiwango kilichowekwa ni maji kufika kwenye vifundo vya miguu, kisha yaachiwe.

Wanazuoni wametoa humo kanuni mbili. Kwanza, aliye juu ana haki ya kuanza. Pili, haki hiyo ina mwisho. Akishapata kinachomtosha, maji si yake tena. Kuongezea hapo, Mtume (s.a.w.) alifundisha kuwa watu ni washirika katika maji, malisho na moto, na kwamba haifai kudhuru wala kulipizana madhara. Ukiziunganisha kanuni hizi utaona kwamba anayelima mlimani ana haki ya kulima, lakini hana haki ya kumteremshia jirani yake udongo badala ya maji.

Mfano wa jamii iliyoishi kwa kanuni hizo ni Oman, nchi yenye undugu wa karne nyingi na Waswahili. Maji ya milima ya Hajar huletwa vijijini kwa mifereji inayoitwa aflaji. Zaidi ya 3,000 bado inafanya kazi, na mitano, ukiwemo mfereji wa Daris huko Nizwa, iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006. Maji hupita kwanza mahali pa kuchota ya kunywa, kisha msikitini na mahali pa kuoga, ndipo yakaenda mashambani. Kila shamba lina zamu yake. Zamani zamu ilipimwa kwa kivuli cha jua mchana na kwa nyota usiku. Jangwa limewafundisha watu hao kuheshimu tone moja. Sisi tuliojaliwa mvua nyingi tusingoje kufundishwa na ukame.

Tunaijua pia hadithi ya watu wa jahazi, waliopiga kura, wengine wakakaa juu na wengine chini. Wa chini walitaka kutoboa upande wao ili wasiwasumbue wa juu kwa kupita kuchota maji. Mtume (s.a.w.) akabainisha kuwa wakiachwa watoboe, wote wataangamia, na wakizuiwa, wote wataokoka. Mlimani mambo yamegeuka kidogo: mwenye kutoboa mara nyingi ni aliye juu. Lakini jahazi ni moja. Na mara nyingi anayetoboa anatoboa kwa sababu ya dhiki. Huwezi kumwambia mtu mwenye njaa asilime mteremko kisha ukamwacha na njaa yake. Kumzuia kunakotajwa katika hadithi ni pamoja na kumpatia njia nyingine.

7. Sisi wanafunzi tufanye nini?

Kwanza, tusome kwa nia. Mhandisi anayepanga barabara ya mlimani aulize maji ya mtaro wake yatamwagikia kwa nani. Mtaalamu wa kilimo ajifunze matuta ya ngazi, ambayo Rwanda imeyatumia sana kushika udongo, na aina za miti inayofaa kila urefu. Mwanafunzi wa sheria asome mikataba ya mito inayovuka mipaka pamoja na fiqhi ya maji. Mwalimu afundishe watoto kusoma mlima wa kijijini kwao kabla ya Himalaya.

Pili, tushiriki. Umuganda hufanyika kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, na kazi nyingi za matuta na kupanda miti hufanyika siku hiyo. Mtume (s.a.w.) alieleza kuwa Mwislamu akipanda mti, kila anachokula humo mtu, ndege au mnyama ni sadaka kwake. Mti wa mlimani una sadaka nyingine juu ya hiyo: hata asiyeujua, aliye bondeni, anakunywa kwa sababu yake.

Tatu, tuthamini kilichobaki. Mwezi Septemba 2023, katika mkutano uliofanyika Riyadh, Hifadhi ya Nyungwe iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia. Heshima hiyo ni nzuri, lakini msitu hautalindwa na orodha. Utalindwa na watu wanaoupakana, iwapo wataona kuwa uzima wake ni uzima wao.

Surat Al-Israa (17:37) inamkataza mwanadamu kutembea kwa majivuno, na inamkumbusha kuwa hataifikia milima kwa urefu. Ikiwa hatuwezi kuwa warefu kama mlima, basi angalau tuwe na tabia yake: kupokea kwa wingi, kuhifadhi, na kumpa aliye chini bila kumuuliza jina.

Tunamuomba Allah (s.w.) atujaalie elimu yenye manufaa, aihifadhi miji na vijiji vyetu, na atufanye miongoni mwa wanaotengeneza ardhi na si wanaoiharibu. Aamiin.

Maswali ya kujadili katika darsa

1. Mlima au kilima kilicho karibu na chuo chenu kimetokea kwa njia gani kati ya zile tatu? Mnatambuaje?
2. Maji mnayotumia kuchukua udhu yanatoka wapi? Yafuateni hadi kwenye chanzo chake.
3. Tofautisheni kati ya kuiamini aya ya vigingi na kudai kuwa nadharia fulani ndiyo maana yake pekee.
4. Kwa kutumia hukumu ya Zubayr (r.a.), aliye juu ana haki gani, na haki hiyo inaishia wapi? Je, hukumu hiyo inafaa pia kwa udongo na taka?
5. Familia inalima mteremko mkali kwa sababu haina shamba jingine. Msikiti wa bondeni unaweza kuisaidiaje ili mlima upone nayo isife njaa?